Uzi wa Nne

Asubuhi ile ziwa liliimba, na besi, zeze kubwa la nyuzi nne lililosimama pembeni mwa chumba, ikaitikia.

Asger Lindhardt alikuwa jikoni akipaka siagi kwenye mkate mweusi. Kisu kikasimama hewani. Nje, ng'ambo ya barabara, barafu ya Ziwa la Sortedam ilikuwa ikijikaza kwa baridi, na kila ilipojikaza ilitoa mlio wake: sauti iliyoanza juu, nyembamba kama mluzi, ikaporomoka, ikazidi kuporomoka, mpaka ikafia mahali ambapo sikio la mtu haliwezi kuifuata. Kabla haijafa, uzi wa nne wa besi, ule mnene kuliko wote, ulitetemeka wenyewe ukaipokea. Dirisha lilikuwa limefungwa. Hakuna mkono uliougusa.

Alikwenda akaweka kiganja juu ya nyuzi kama mtu anayemziba mtoto mdomo. Mbao zilikuwa za baridi. Zeze lile kubwa, refu kumshinda mwenyewe, lilikuwa na alama tumboni, mstari wa rangi ya chai uliolizunguka kuanzia ubavu hadi ubavu. Mafundi watatu walikwishajaribu kuufuta kwa miaka tofauti, na wote watatu walimwambia maneno yaleyale: mstari umeingia ndani ya mti, ukiuondoa utaondoa na sauti.

Wala hakutaka kuiondoa sauti. Sauti ile ndiyo iliyomfanya Asger Lindhardt awe Asger Lindhardt. Tokyo watu walisimama wakaipigia makofi. Chicago, mji wa watu waliozaliwa na muziki huu wa jazi masikioni, wazee walitikisa vichwa wakauliza kijana mweupe wa Denmaki ameipata wapi. Katika chuo cha muziki vijana walijifungia vyumbani wakijifunza kuiiga. Ilikuwa sauti moja tu: mwishoni mwa wimbo, mahali ambapo wapiga besi wengine hutua, uzi wake wa nne ulishuka taratibu chini ya sauti iliyopaswa kuwa, kama kitu kinachozama. Magazeti yaliipa jina. Yaliiita kuzama kwa Asger.

Hakuna aliyejua kwamba hajawahi kuipiga hata siku moja. Ilikuja yenyewe.

Kengele ya mlango ililia, na kabla hajafungua alisikia kikohozi na kicheko kwa pamoja.

"Fungua, dogo! Ngazi zako zimeniua tayari, ukichelewa utaniokota hapa juu ya kapeti!"

Roscoe Tilford aliingia na baridi yake yote. Alikuwa na miaka themanini na mbili, Mmarekani mweusi aliyeshuka Copenhagen na saksofoni yake zamani kwa ajili ya wiki mbili za kazi, akawa hajarudi kwao tangu siku hiyo. Asger alikuwa na miaka hamsini na tisa, mvi kichwa kizima, lakini kwa Roscoe alibaki dogo.

"Umevaa tai," Roscoe alisema akimkagua. "Leo kweli kuna msiba."

"Ni tuzo, mzee."

"Najua ni tuzo. Miaka arobaini napuliza mbele yako, mimi ndiye ninayeonekana, tuzo unapewa wewe uliyejificha nyuma ya kabati la mbao." Akacheka mpaka akakohoa tena. Kisha akaliona lile kabati la mbao na kiganja cha Asger kilichokuwa bado juu ya nyuzi. Kicheko kikapungua. "Limeanza tena?"

"Limeanza nini?"

"Basi," alisema Roscoe. "Leta koti. Chapati za ukumbi wa jiji hazimsubiri mtu."

Tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Eskild Ravn, na hapo ndipo mfupa ulipomkwama Asger kooni. Eskild ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Kwa kizazi kile hapakuwa na mpiga besi mwingine mjini. Mmarekani yeyote aliyeshuka kwenye meli aliuliza kwanza, "Yuko wapi Ravn?" Kisha Ravn akafa maji ndani ya ziwa lililo mbele ya nyumba yake, Jumapili mchana, akiwahi kazini. Mjane wake alimpa Asger ile besi iliyookotwa ikielea. Alisema mti uliolowa unahitaji mkono, la sivyo utakufa nao. Asger aliupokea. Angesema nini?

Leo mtoa tuzo alikuwa Gunver, binti wa marehemu, aliyekuwa na miaka saba siku ile.

Ukumbi wa jiji ulijaa mwanga mweupe wa theluji kutoka madirisha ya juu. Watu walikula chapati nyembamba za sukari wakiwa wamesimama, wakijipangusa vidole. Gunver alipanda jukwaani bila karatasi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwalimu wa hesabu, na sauti yake haikutetemeka.

"Baba yangu aliupenda mji huu kwa sababu una utaratibu," alisema. "Nyie mnajua tulivyo. Tunasimama taa nyekundu hata kama barabara ni tupu."

Watu wakacheka.

"Siku ile alikuwa amechelewa. Onyesho lilikuwa saa tisa, na kuzunguka kwa daraja na zeze kwenye kijisleji, kigari cha kuburuta thelujini, ni mwendo wa nusu saa. Akafungua dirisha. Tuliishi ghorofa ya nne. Hakuitazama barafu, aliuliza tu kama ubao wa manispaa, ule wa kuruhusu watu kupita juu ya barafu, umewekwa. Na mtu akamjibu kutoka chini kwamba umewekwa. Nilikuwa nyuma ya mgongo wa baba, sikumwona huyo mtu. Baba alifunga dirisha akafurahi. Ubao ukiwekwa, kwake mambo yamekwisha."

Asger alitazama viatu vyake.

"Ubao ulikuwa umewekwa kweli, lakini upande wa pili wa daraja, kwenye ziwa jingine. Mtaani walisema aliyejibu ni Villads, mbeba makaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipita na mkokoteni wake. Alikana. Watoto tulimtupia theluji yenye mawe ndani mpaka alipohama. Nami nilitupa. Amekufa huko Jutland, na hadi mwisho alikuwa akikana." Alivuta pumzi. "Sijui kwa nini nayasema haya kwenye sherehe. Labda kwa sababu baba alimpenda sana mtu tunayempa tuzo leo. Asger, kaka, njoo utupigie."

Njiani kuelekea jukwaani Asger alifanya uamuzi. Hataugusa uzi wa nne. Atapiga wimbo mfupi wa kwao, wa kiangazi, juu kabisa ya shingo ya besi, kwenye nyuzi nyembamba, na atamaliza juu hukohuko. Wakisema amezeeka, waseme.

Alipiga vizuri. Vidole vilikuwa vyepesi, sauti zikatoka safi kama maji ya bomba. Alimwona Roscoe mstari wa mbele akiinamisha kichwa kwa kuridhika. Akafika sauti ya mwisho, akaiacha ikae hewani, akaondoa mikono yote miwili kwenye nyuzi.

Na uzi wa nne ukaanza.

Ulitetemeka bila kuguswa, ukatoa sauti nene, ikashuka. Watu walifumba macho kwa raha, walikuwa wameingoja. Asger aliona kigingi cha kukazia uzi kikizunguka. Kilikwenda polepole, robo ya mzunguko, kama kinazungushwa na mtu mwenye subira. Sauti ikashuka mpaka ikafia chini ya sakafu. Kisha makofi yakapasuka kama paa limeanguka.

Gunver hakupiga makofi. Alimkaribia na kisanduku cha tuzo, akampa mkono, akamwinamia sikioni. Waliokuwa karibu walidhani anampongeza.

"Sauti hiyo umeitoa wapi?"

Jibu lake alikuwa nalo kwa miaka arobaini, alikwishawapa waandishi wa nchi kumi na moja. "Kwa baba yako."

"Baba hakuwahi kupiga hivyo. Nina sahani zake zote za santuri." Mkono wake ulikuwa haujaachia. "Sauti hiyo nimeisikia mara moja tu, pale dirishani, kabla barafu haijafunguka. Sijawahi kuja kwenye maonyesho yako, mama alikuwa hawezi, na mimi nikarithi kutoweza. Leo ndiyo mara ya kwanza. Ziwani hapakuwa na mtu mwingine, Asger. Nilitazama. Ni mimi na baba tu tulioisikia, na labda yule aliyejibu."

Alimwachia mkono akarudi kwa wageni wake.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, Roscoe alimkuta Asger anahangaika kulifunga zipu gunia la besi. Vidole vilivyozunguka dunia vilikuwa vimeshindwa na zipu.

"Dogo."

"Nimeshaivuta, inakwama tu."

"Dogo, nikwambie kitu nilichokiona. Siku ile ulikuja pale kilabuni saa tisa kasoro, ukasema, Eskild haji leo, nitapiga mimi. Ukachukua ile besi mbovu ya kilabu. Ukapiga kama shetani. Nikasema, huyu mtoto ana moto." Mzee alijifunga skafu shingoni, akachukua muda wake. "Lakini suruali yako ilikuwa imelowa mpaka magotini. Imeganda. Ilikuwa inagonga kama mbao ulipotembea. Habari za Eskild zilitufikia mapumzikoni. Wewe ulikuwa umeshalowa kabla ya habari."

Asger aliendelea kuivuta zipu.

"Sikukuuliza," alisema Roscoe. "Nilihitaji mpiga besi. Nami nina lawama yangu hapo."

"Mzee, nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Ulikuwa nayo. Saa hizi unayo mingapi?" Akaishika zipu, akaivuta mara moja, ikafunga. Akashuka ngazi akishikilia chuma cha pembeni, bila kugeuka, akicheka kidogo au akikohoa, haikujulikana.

Asger alilivuta zeze kwa gurudumu lake dogo mitaa yote hadi ziwani. Miaka yote alikuwa amejisimulia hadithi ileile, na alikuwa ameisimulia vizuri mpaka ikawa na mwendo wake kama wimbo. Kwamba alitoka upande wa daraja, ambako watoto walikuwa wakiteleza karibu na ubao wa kijani. Kwamba Eskild alimuuliza juu ya ubao naye akajibu juu ya ubao aliouona. Kijana mwenye haraka, kosa la kijana. Hata mahakama ingemsamehe.

Lakini kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakuwahi kukitia kwenye wimbo. Baada ya kujibu hakuvuka. Yeye, aliyekuwa akienda mjini upande uleule, alishika njia ya kandokando, akazunguka ziwa kwa miguu. Na alikwenda taratibu, akitazama pembeni. Aliiona kofia ya Eskild, kijisleji, kile kivuli kikubwa cha besi kikiburutwa juu ya weupe. Alikuwa akingoja. Wakati huo alijiambia anangoja kuona mwalimu akilowa miguu, arudi nyumbani kubadili nguo, na kiti chake kilabuni kikae wazi mchana mmoja tu. Mmoja tu. Kisha ziwa likaimba.

Alikimbilia barafuni. Kwa hatua ya tatu barafu ikavunjika, maji yakamfika magotini, akarudi nyuma. Watu walikuwa wameshaanza kuja na ngazi na kamba. Hakuna aliyemtazama. Walipokuwa bado wanapekua maji kwa fito, yeye alitazama saa.

Alifika kandoni mwa Sortedam jua likiwa limeshuka juu ya paa, saa tisa na nusu, jekundu na bila joto. Gunver alikuwa ameshafika. Alisimama mahali ambapo nyasi zilizoganda zinakutana na barafu, mikono mifukoni. Hakuna aliyemwita mwenzake, ila wote wawili walikuwa wamekuja.

Upande wa pili wa daraja watoto walipiga kelele wakiteleza. Upande huu ulikuwa mtupu, mweupe, bila alama ya mguu. Dirisha la ghorofa ya nne ng'ambo ya ziwa, lile lililokuwa la akina Ravn, lilikuwa limewaka taa, na mtu asiyemjua alikuwa akivuta pazia.

Gunver alilitazama dirisha lile. Kisha akauliza kwa sauti kubwa kidogo kuliko iliyohitajika, sauti ya mtu anayeongea na aliye chini:

"Asger! Ubao umewekwa?"

Asger alihisi mdomo wake ukitaka kulisema lile neno la zamani. Lilikuwa palepale, limekaa juu ya ulimi, jepesi, halijazeeka hata siku moja. Nyuma ya neno lile palikuwa na Tokyo na Chicago, vijana wa chuo, jina lake kwenye sahani hamsini.

"Haujawekwa," alisema.

Gunver hakusogea.

"Upande huu haujawekwa. Ule ni wa ziwa la pili. Mwambie asivuke, azunguke." Sauti yake ilikatika, akaikusanya. "Nilijua, Gunver. Sikukosea. Nilijua tangu anafungua dirisha. Si Villads. Ni mimi."

Mvuke wa pumzi ya Gunver ulitoka, ukatoka, kisha kwa muda haukutoka kabisa.

"Baba alikuwa ameniambia usiku wa kuamkia siku ile," alisema hatimaye. "Alisema, mwaka huu nitampa Asger zile Jumapili, mimi nimechoka na moshi wa kilabu. Alikuwa anangoja muda mzuri wa kukwambia."

Asger aliegemea shingo ya besi.

Gunver alinyoosha mkono wake uliokuwa na glavu ya sufu. Hakuomba. Asger aliliachia zeze, na ilikuwa mara ya kwanza, tangu mjane alipomkabidhi, mkono wake kulitoa na si kulipokea. Gunver aliliinamisha kwenye gurudumu lake kwa ustadi wa mtu aliyekulia nyumba yenye kitu kikubwa cha namna ile, akaanza kulivuta. Angeweza kulipeleka kituo cha teksi. Alishika njia ya kandokando, ile ndefu inayozunguka kwa daraja.

Asger alibaki pale amesimama. Viatu vyake vilikuwa vikavu, lakini baridi ilimpanda kutoka nyayoni, ikapita vifundoni, ikafika magotini, na hapo ikasimama.

Jua likazama. Ziwa likajikaza.

Mlio ulianzia katikati, juu, mwembamba, kisha ukaanza kuporomoka. Asger alizuia pumzi. Kwa mazoea ya kazi alihesabu mapigo: moja, mbili, tatu. Kwa pigo la nne, mbali huko njiani, ndani ya gunia lililofungwa zipu, uzi mnene uliitikia.

Gunver akasimama. Hakugeuka. Aliweka mkono wake juu ya gunia, taratibu, kama mtu anayempapasa aliyelala ili ajue kama bado anapumua. Kisha akainamisha kichwa, akaweka sikio, akakaa hivyo.

Na sauti ile haikushuka. Kwa mara ya kwanza ilisimama palepale ilipoanzia, nzito, safi, imenyooka, ikaendelea kulia juu ya barafu tupu hata baada ya ziwa kunyamaza.